Wenzetu wa Kivulini

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu kila mtu alikuwa na mwenzake ardhini. Mimi nilikuwa na wangu, mdogo wangu Yoramu alikuwa na wake, na baba alikuwa na wake mnene, aliyezaa vitoto pembeni mpaka akajaza kona nzima. Walikaa nyuma ya nyumba, chini ya mianzi, mahali ambapo jua halikufika hata saa sita mchana. Ukipita pale miguu ilizama kwenye majani makavu na baridi ilikupanda kuanzia nyayoni. Sikupenda kwenda pale peke yangu, nasema kweli, na bado ndiko nilikokuwa natumwa kila siku.

Wenzetu hao walikuwa maua. Maua ya msituni tu, yale yenye kitunguu chini ya udongo. Kipupwe kikiingia majani yao yananyauka na kwisha kabisa, panabaki ardhi tupu, ungedhani hapajawahi kuota kitu. Halafu kabla mvua za kwanza hazijashika, udongo unapasuka na kinatoka kikonyo kimoja kisicho na jani hata moja, kina madoadoa kama ngozi ya nyoka, na juu yake kichwa chekundu cha mviringo, cha nyuzinyuzi, ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga. Kwetu, milima ya Njombe, ukungu wa asubuhi hauna haraka ya kuondoka. Ukifungua mlango wa nyuma ulikuwa unaviona vile vichwa kabla hujaona kitu kingine chochote, vimesimama tu chini ya mianzi, vinaelekea nyumba.

Ukubwani niliona kitabu cha mimea kinawaita kwa jina refu la Kilatini. Bibi yangu, mama yake baba, hakuwaita jina. Alisema "wenzenu", na aliwasema kama watu: huyu kaamka, huyu bado kalala, huyu amebanwa anataka nafasi. Na mimi nitawasema hivyohivyo, maana sijazoea vingine.

Ilikuwa hivi. Mtoto akizaliwa, kitovu chake kikishakatika, Bibi alikifukia chini ya mianzi. Kisha alikwenda msitu wa juu, akachimba kitunguu kimoja, akakipanda palepale juu ya kitovu. Tangu siku hiyo mtoto na ua ni kitu kimoja. Mtoto akitaka kuugua, ua linatangulia kuonyesha. Mtu akifa, ua lake linahamishiwa kaburini kwake ili asilale peke yake. Sijui kama hii ni mila ya Wabena wote au ni ya ukoo wetu tu. Nimewauliza wengi; baadhi wamecheka, baadhi wamenyamaza na kubadilisha mazungumzo. Na usije ukadhani Bibi alikuwa mtu wa vibuyu. Jumapili alikaa benchi la mbele kanisani na aliimba sauti ya pili kuwashinda wanakwaya.

Kwa kazi ya bustani sijaona wa kumfikia. Alitaka udongo mweusi wa majani yaliyooza, siyo samadi, samadi iliwachoma. Kitunguu alikizika mpaka shingoni, shingo ibaki nje. Kipupwe alikataza kabisa maji. "Usimnyweshe aliyelala," aliniambia, "utamvimbisha tumbo." Na ukimaliza kuwashika ulinawa kwa majivu mpaka kwenye viwiko, kwa sababu maji ya kitunguu chao ni sumu. Tuliwahi kuwa na mbuzi aliyechimbua mmoja akamtafuna. Hakufika jioni.

Kila asubuhi Bibi aliingia chini ya mianzi, akainama mbele ya kila mmoja, akamsalimia, "Kamwene." Alisubiri kidogo kabla ya kwenda kwa anayefuata. Mimi nilisimama nyuma yake na kibuyu cha maji, na kile kimya cha kusubiri ndicho kilichonitisha kuliko kitu chochote.

Mwaka wa kuhamishiwa vijijini mimi nilikuwa na miaka tisa na Yoramu alikuwa hajatimiza miwili. Mgambo walipita nyumba kwa nyumba wakatutajia siku. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, tukayaacha. Baba hakuwepo, alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa reli, wakati huo wamefika upande wa Chimala huko Mbeya, na barua zake zilichukua wiki tatu njiani. Nyumbani tulikuwa Bibi, mama, Yoramu na mimi. Mama alikuwa bado msichana, naona sasa, miaka ishirini na sita au saba. Alikuwa mpole, na mama mkwe akishatoa neno, yeye hakuwa na la kuongeza.

Siku ya lori majirani walibeba vyungu, kuku, milango. Bibi alishika jembe akaingia chini ya mianzi. Wakubwa aliwaacha. Alisema wamekwishazoea, watabaki kulinda makaburi, lakini wadogo lazima wafuatane na watoto wao. Akawachimba wawili, wangu na wa Yoramu, kila mmoja na bonge lake la udongo. Wangu akamfunga kwenye kipande cha kaniki. Wa Yoramu akamfunga kwenye kipande cha khanga ambayo mama alimbebea.

"Huyu mkono wa kulia, ndiye wako," aliniambia. "Huyu wa kushoto ni wa mdogo wako. Usiwaweke chini. Na usiwafungue."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Nilibanwa kwenye lori katikati ya debe la maharage na mbuzi wa jirani, safari ndefu, hakuna cha kutazama ila migongo ya watu. Na mikononi nina kitu ambacho nimekisikia maisha yangu yote: kitovu changu. Nilitaka kukiona. Nilitaka kujua kinafanana na nini, kama kimeota mizizi, kama kinaumwa. Mama na Bibi walikuwa mbele, wamenipa mgongo. Nikafungua kaniki. Sikuona kitu, udongo tu. Nikafikiri labda cha Yoramu, kwa kuwa bado kipya, kitaonekana. Nikafungua na khanga.

Lori likaingia shimoni. Wote wawili wakaruka mapajani pangu wakaanguka chini, kwenye miguu ya watu, na mabonge ya udongo yakasambaratika. Niliwaokota haraka haraka. Nilipowashika mbele yangu walikuwa vitunguu viwili, vya ukubwa mmoja, kila kimoja na majani yake matatu. Niliwatazama muda mrefu nikingoja moyo uniambie yupi wangu. Haukuniambia kitu. Nikamfunga mmoja kwenye kaniki, mwingine kwenye khanga, nikatazama tena migongo ya watu.

Tulipofika, Bibi aliniteremsha mwenyewe.

"Wa kulia ndiye wako?"

"Ndiyo, Bibi."

"Hukuwafungua?"

"Sikuwafungua."

Basi, yakaishia hapo. Nilikuwa nimekwepa fimbo, na kwa mtoto wa miaka tisa hiyo ndiyo ilikuwa habari kubwa ya siku.

Kijiji kipya kilikuwa kwenye mgongo wa kilima, nyumba zimepangwa mstari, hakuna mti wala kichaka. Upepo ulipiga kutoka asubuhi mpaka usiku. Bibi alizunguka kiwanja chetu mara moja akasema, "Hapa hawataishi." Kisha akaanza kazi. Kabla hata paa letu halijaezekwa, alikuwa amesimika fito upande wa nyuma wa nyumba, akazifunika kwa majani ya gugu na matawi aliyoyakata korongoni, akatengeneza kibanda cha kivuli. Udongo mweusi aliubeba kichwani kwa kikapu kutoka korongo hilohilo, safari baada ya safari. Majirani walicheka. Wao wanachimba vyoo, bibi kizee anajengea maua nyumba. Bibi aliwaacha wacheke. Akampanda aliyetoka kwenye kaniki upande wa jikoni, akasema huyu ni Raheli, yaani mimi. Aliyetoka kwenye khanga akampanda chini ya dirisha la chumba tulicholala, akasema huyu ni Yoramu.

Mahali pale palikuwa padogo, pa kuingia umeinama, na mwanga wake ulikuwa wa kijani. Nje kijiji kizima kinaungua jua na kupigwa upepo, ukiinama kuingia mle unasikia pumzi yako mwenyewe. Yale mazoea ya mianzini yakarudi: kila asubuhi Bibi alisalimia, akasubiri.

Mwezi wa pili tangu tuhamie, aliyeitwa wangu akaanza kunyauka. Ilianza kwenye ncha za majani, rangi ya njano, ikashuka polepole. Wa dirishani alikuwa anang'aa, ametoa jani la nne. Bibi aligundua kabla yetu sote. Alitoka kivulini akanijia, akaniwekea nyuma ya kiganja chake shingoni, akakaa hivyo.

Kuanzia siku hiyo nikawa yai. Nilikatazwa kwenda mtoni. Nilihamishwa nikalale naye, na usiku nilihisi mkono wake ukinitafuta kifua kujua kama napumua. Na mayai yenyewe, ya kuku wetu wawili, ambayo zamani yalikuwa ya kuuza, sasa nilipikiwa mimi. Bibi alikaa mbele yangu akinitazama nikila, macho yamemjaa maji. Nami nilikula. Lazima niseme hivyo bila kujipamba: nilijua kuwa huenda anayenyauka si wangu, na nilikula yale mayai yote, na yalikuwa matamu.

Halafu Yoramu akaanza.

Alikuwa amejifunza kutembea vizuri, na kila alipoponyoka mikononi mwa mama alikwenda sehemu moja. Aliingia kivulini, akampita yule wa dirishani bila kumtazama, akaenda kukaa kwa yule anayekufa. Alikaa kitako kwenye udongo, ameshika jani la njano kati ya vidole viwili, kimya. Mtoto wa miaka miwili hakai kimya. Yoramu alikuwa mtoto wa kelele. Pale alikaa hata nusu saa. Ukimwita hakugeuka.

Bibi alimkuta hivyo mara ya kwanza akamnyanyua. "Huyo si wako, baba. Wako yule pale." Akamkalisha chini ya dirisha. Yoramu akainuka, akarudi. Bibi akamrudisha tena. Akarudi. Mara ya tatu Bibi alisimama akamtazama, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa mlangoni, na nikaona kitu kinapita usoni kwake. Nilitazama chini. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula.

Nimewasimulia watoto wangu habari hii na wana majibu. Mtoto alipenda rangi ya njano. Upande wa jikoni kulikuwa na joto. Sawa. Mimi mwenyewe nina bustani, najua ua likihamishwa na kuangushwa na kukanyagwa linaweza kuacha majani yake na kulala, bila kufa. Hayo yote naelewa. Lakini mimi ndiye niliyekuwa mlangoni nikamwona anavyolishika lile jani, na sijapata kitabu cha kunieleza hilo.

Mwezi wa tatu surua ikaingia kijijini. Watu tulikuwa tumerundikwa pamoja, ikapita nyumba kwa nyumba mfano wa mgambo. Yoramu aliamka macho mekundu, siku ya tatu vipele vikatoka. Siku hizo surua ilikuwa na sheria zake: mtoto anafungiwa ndani, dirisha linazibwa, hatolewi nje kwenye baridi wala hachomwi sindano, isije ikarudi ndani ya mwili. Bibi alizifuata zote. Na juu ya hizo alikuwa na uhakika wake mwingine.

"Mama," mama alisema siku ya nne, "anapumua vibaya. Nimpeleke hospitali ya misheni."

"Umemwona mwenzake?" Bibi alijibu. "Nenda katazame pale dirishani. Ana majani manne. Surua itatoka, itapita. Anayenitisha mimi ni Raheli."

"Raheli ni mzima, Mama."

"Ndicho kinachonitisha."

Mama alitoka nje, akainama chini ya kile kivuli, akatazama lile ua la dirishani. Nilimwona amepiga magoti, kichwa kimeegemea ukuta. Alirudi ndani akakaa na mtoto wake. Alikuwa ameamini. Au alikuwa ametii, kwani wakati ule kwa mke wa nyumba hayo mawili yalikaribiana sana.

Na mimi je? Mimi nilikuwa na hesabu yangu. Nikisema ukweli, anayekufa atakuwa Yoramu. Nikinyamaza, anayekufa ni mimi, na mimi nimeshiba mayai, ninaruka kamba, siumwi hata jino. Kwa hiyo nikinyamaza hafi mtu. Hesabu hiyo niliirudia kila siku na kila siku ilitoka vizuri. Usidhani nilikuwa mtoto mbaya. Nilikuwa namlinda mdogo wangu kwa kunyamaza, ndivyo nilivyojua.

Nilinyamaza siku ya tano, na ya sita. Siku ya saba asubuhi, ukungu umekaa mlangoni, Yoramu alipumua kwa sauti ambayo sijaisikia tena mpaka leo, kama mtu anayekokota kitu kizito kwenye changarawe. Mama alikuwa anamwimbia. Nikatoka nje. Bibi alikuwa kivulini, ameinama kwa yule wa jikoni ambaye sasa alikuwa amebaki na kijani kidogo tu shingoni. Alikuwa anamsalimia. Akasubiri. Na mimi ndiye niliyejibu.

"Bibi, niliwafungua."

Hakugeuka.

"Kwenye lori. Nilitaka kukiona kitovu. Wakaanguka. Sijui yupi wa nani."

Nilifunga macho nikingoja kofi. Hakukuja kofi. Nilipofungua, Bibi alikuwa amekaa chini, kitako, palepale Yoramu alipozoea kukaa, na amelishika lile jani. Nilikuwa sijawahi kumwona Bibi amekaa kwenye udongo. Alionekana mdogo.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi usimwambie mtu," alisema. "Yamekuwa yangu."

Akainuka, akaenda ndani kwa hatua ambazo sikujua kama bado anazo. "Mbebe mtoto," alimwambia mama. "Tunakwenda hospitali, sasa hivi." Mama alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri. Kisha akamfunga Yoramu mgongoni na wakashuka kilima wawili, ndani ya ukungu, wanakimbia. Kutoka kwetu mpaka misheni ni nusu siku kwa mtu mzima asiye na mzigo.

Yoramu alifariki siku ya pili yake. Mama alitusimulia kwamba muuguzi alimwuliza kwa upole tu: homa hii ya mapafu ina siku tatu, mama, mlikuwa wapi? Swali hilo mama alirudi nalo. Mtoto alirudi naye mgongoni, na swali kifuani.

Tulimzika kwenye makaburi ya kijiji kipya, alikuwa wa tatu au wa nne pale. Asubuhi iliyofuata mama alikuwa ameketi mlangoni, hana nguvu hata ya kulia, akamwona Bibi anatoka kivulini na jembe, mikononi ana kitunguu. Mama akainuka.

"Huyo ni wa Raheli," alisema. "Wa Yoramu ni yule wa dirishani. Unampelekea mwanangu wa Raheli?"

Nilikuwa nimesimama kati yao. Bibi hakunitazama hata kidogo. Najua alijizuia asinitazame.

"Huyu ndiye wake," alisema. "Niliwachanganya mimi, siku ya lori. Nilipowachimba. Uzee."

Mama aliuliza polepole sana. "Kwa hiyo uliponiambia nikatazame dirishani..."

"Nilikosea, mwanangu."

Huo ndio ulikuwa wakati wangu. Mdomo wangu ulikuwa pale, na Bibi alikuwa ameniachia njia kwa muda mrefu kuliko uliohitajika, naamini, kwa sababu alisimama pale na kile kitunguu akangoja, vilevile alivyokuwa akiwangojea wenzetu kila asubuhi. Nilitazama vidole vya miguu yangu. Bibi akaenda makaburini peke yake.

Baba aliporudi kutoka Chimala mama alimwambia jambo moja tu: Mama yako aliwachanganya. Sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya hapo, wala kumtukana Bibi, wala kumnyima kitu. Alimpikia, alimfulia, alimchotea maji ya kuoga. Lakini hakula naye tena. Sahani ya Bibi aliiweka mkekani, akaifunika, akaondoka kwenda kula jikoni na mimi. Kwetu mke hufanya hivyo kwa mgeni asiyemjua. Mvua zilipokaribia, kaburini palitoka kichwa chekundu, peke yake, hakina jani. Tulikwenda kupalilia tukakikuta kimesimama pale kifuani pa Yoramu, kinaelekea nyumba. Mama alikikata kwa jembe, pigo moja, akaendelea kupalilia. Mwaka uliofuata kikatoka tena. Akakikata tena. Akawa anajua siku zake, anakwenda mapema.

Bibi alikula peke yake miaka kumi na moja. Ile miaka ya mwisho macho yalipungua, nami nilikuwa nikija likizo nakaa naye mkekani ale. Aliniuliza habari za masomo. Aliniuliza habari za yule wa dirishani, kama amezaa. Kuhusu lile jingine hakuniuliza kamwe, wala kunikumbusha, wala hata kunitania nalo, yeye aliyekuwa akinitania kwa kila kitu na kuniita mke mwenzake. Alipofariki nilikuwa na miaka ishirini. Mtu mzima. Fimbo nilikuwa sina haja ya kuiogopa tena.

Sasa ninaishi Mbeya mjini, nimestaafu. Nyuma ya nyumba yangu nina miti miwili ya parachichi, na chini yake, kwenye kivuli, nimewapanda watoto na wajukuu wa yule wa dirishani. Ninafanya alivyofanya Bibi: udongo wa majani, shingo nje, kipupwe hakuna maji. Sifukii kitovu cha mtu. Wageni wanawasifu, wanaomba mbegu, ninawapa. Asubuhi nikiwa peke yangu nawasalimia, na nakiri kwamba nasubiri kidogo.

Mama nimemchukua nikae naye. Mwaka juzi, mvua zikinukia, alitoka na mkongojo wake akawakuta wameamka wote pamoja, vichwa ishirini na kitu, chini ya parachichi. Nilikimbia kumshika, nikidhani ataomba jembe. Alisimama tu. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Yule bibi yako alikuwa hodari wa maua. Angekuwa na macho na kumbukumbu ya kutosha, mwanangu angekuwa na wajukuu."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, pale tuliposimama: kaniki, khanga, lori, mayai, siku ya tano na ya sita. Nilimwambia na lile neno la Bibi, yamekuwa yangu. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia, hakunigusa. Alirudi ndani, akajilaza, na chakula cha mchana hakula. Jioni nilimpelekea uji. Alikuwa amekaa kitandani ametazama ukuta.

"Ungeniambia akiwa hai," alisema. "Ningekula naye."

Nilikaa naye mpaka uji ukapoa. Watu hufikiri kilichonisumbua maisha yangu yote ni Yoramu, na kweli ninamlilia, lakini kwa Yoramu nilikuwa na miaka tisa na hesabu yangu ya kitoto, na hata mahakama ingenihurumia. Lile la Bibi ni tofauti. Pale sikuwa mtoto tena. Nilimwona kila likizo akipapasa mkeka kutafuta sahani yake, nikamsogezea sahani, na nikadhani hayo yanatosha.